Shemeji na Giaboksi ya Kazi Nzito

Shemeji yangu akianza simu kwa "shikamoo", najua pana kitu kinataka kubebwa. Siku za kawaida huniita "shem" tu, tena kwa sauti ya mtu anayetafuna. Shikamoo kaiwekea akiba ya shida: kuhamisha kochi, kumdhamini kwenye mkopo, kumfuata usiku kwenye barabara ya I-69 betri ikimkatikia. Safari hii shikamoo ilikuja imefuatana na "kaka yangu", nikavuta kiti.

"Shikamoo kaka yangu. Nimeamua kutoa otomatiki. Nataka giaboksi ya gia za mkono, ya kazi nzito."

Marahaba niliitikia, lakini haikutoka moyoni.

Gari lenyewe ni Chevrolet Chevelle Malibu ya mwaka 1970, milango miwili, boneti ndefu kiasi kwamba ukienda kuegesha dukani, pua imeshafika kwenye kaunta na wewe bado uko barabarani. Injini ni V8 ya inchi za ujazo 350, ile yenye kabureta ya matundu mawili, ambayo kiwanda kiliiandikia nguvu za farasi 250. Giaboksi ni otomatiki ya gia tatu na tangu alinunue gari haijawahi kumtia aibu. Inaingia gia, inatoka gia, haidai. Kosa lake ni moja tu: haina kitu cha kushika mkononi na kusukumasukuma mbele ya watu.

Hiyo kazi nzito nimeitafuta sijaiona. Tunaishi Indianapolis, mji uliolala tambarare kama meza. Jumapili gari linatolewa gereji, linaoshwa, linapelekwa kwenye uwanja wa maegesho ambako wanaume wenye vitambi hufungua boneti na kusimama kutazama injini zilizozimwa, kisha linarudi nyumbani. Mara mojamoja linambeba bibi harusi. Mzigo mkubwa uliowahi kupanda mle ni mama mkwe, na naomba sentensi hii isimfikie.

Mimi nahusikaje? Nahusika kwa sababu nyumbani Tanzania niliendesha malori. Nimeshuka mlima wa Kitonga na mzigo wa saruji, gia ya chini imekamata, mguu hauthubutu kugusa klachi. Basi kuanzia siku niliyopeleka posa, ukoo wa mke wangu ukakata shauri kwamba chochote chenye meno ni taaluma yangu. Wameshaniletea mashine ya kusaga nyama. Wameshaniletea saa ya ukutani. Sasa ni Chevelle.

Na shemeji hakuja kuomba ushauri. Alikuja na jibu, akataka nimtafutie swali lake. Jibu lilikuwa M22.

Kwa wasiokula sahani moja na wapenzi wa magari haya, M22 ni giaboksi ya gia nne iliyotoka katika kiwanda cha General Motors mjini Muncie, hapahapa Indiana, kaskazini-mashariki yetu. Kati ya mwaka 1963 na 1974 mji ule ulizaa ndugu watatu wenye ganda la aluminiamu: M20, M21 na huyu M22 ambaye Wamarekani walimpa lakabu ya Mponda Mawe. Lakabu ilitokana na sauti. Meno ya gia za M22 yamekatwa kwa mlalo mdogo kuliko ya ndugu zake. Jino lililolala sana hupokezana na mwenzake kwa upole na ukimya, lakini huisukuma shafti kwa urefu wake na kuzaa joto. Ukilisimamisha kidogo, msukumo unapungua na giaboksi inavumilia kipigo zaidi, ila ukimya ndio unaulipa. Gari linapita likilia tangu mwanzo wa mtaa hadi mwisho.

Wahandisi waliuhesabu mlio huo kuwa hasara iliyobidi kuvumiliwa. Shemeji anautaka kwanza, nguvu baadaye.

"Twende Muncie tukanunue," akasema, kama mtu aendaye Muheza kwa machungwa. Nikamweleza kwamba kile kiwanda cha gia cha General Motors kilifungwa mwaka 2006, na BorgWarner, waliokuwa nao wakitengeneza giaboksi mji huohuo, wakafunga mwaka 2009. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo hata spea hawana?"

Tukaangukia kwa wauzaji wa ghalani. Jamani, kila muuzaji wa M22 ana marehemu. Giaboksi ilikuwa ya marehemu baba, au ya marehemu mjomba aliyeshindana mbio, na siku zote ilitolewa kwenye gari zima, ikafunikwa turubai, haikuguswa tena. Tatizo ni kwamba maganda ya wale ndugu watatu yanafanana. Kwa nje huwezi kuapa kwamba huyu ni M22 na yule ni M20. Wanaojua huomba kuona shafti ya kuingilia, ile inayopokea klachi. Yenye mifereji miwili ni ya M20, yenye mmoja ni ya M21, na isiyo na mfereji ni ya M22. Hata hapo umesomewa habari za shafti tu, maana shafti hubadilishwa, na aliyeibadilisha mara nyingi ndiye huyo marehemu.

Tuliyemfikia sisi alitufunulia turubai kwa heshima zote. Nikainama na tochi. Mifereji miwili, imekaa pale safi kabisa.

"Labda ni M22 za mwanzomwanzo," shemeji akaninong'oneza, akiwa upande wa muuzaji kuliko muuzaji mwenyewe.

Tukaondoka. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hiki kilitupigia simu hadi wiki iliyofuata.

Ndipo nikamwuliza swali ambalo lingetupunguzia petroli kama angekubali kuulizwa mapema. Difu yako ni ngapi?

"Difu ipo," akajibu.

Najua ipo. Tukapiga jeki gurudumu moja la nyuma, jingine likabaki chini, tukachora chaki kwenye tairi na kwenye propela. Kwa difu ya kawaida ukilizungusha gurudumu lililo juu mara mbili, mizunguko ya propela ndiyo jibu lako. Propela ikaenda mara tatu na ukucha: 3.08. Hiyo ni difu ya gari la familia, iliyowekwa na watu waliotaka baba wa nyumba asafiri na mama asikie redio.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo ugomvi wangu na neno "kazi nzito" ulipo. Kila giaboksi ina namba ya gia ya kwanza. Ya M22 ni 2.20, yaani injini izunguke mara mbili na moja ya tano ndipo propela izunguke mara moja. Zidisha namba hiyo kwa ya difu, upate jinsi injini inavyoongezewa nguvu gari linapong'oka. Kwa gari la barabarani, wazoefu hupenda jibu linalokaribia 10. Sasa 2.20 mara 3.08 ni 6.78. Hiyo ni sawa na kuondokea gia ya pili kila taa ya kijani, klachi inateleza, mtaa unanuka, na watoto kwenye basi la shule wanakuchungulia.

M21 nayo ni 2.20 ileile. Hizo mbili zilipangwa gia zake zikaribiane, kwa ajili ya gari ambalo limeshaanza kukimbia na halitaki injini ishuke mizunguko kila unapobadilisha. Ziliendana na difu fupi, za 3.73, 4.11 na kuendelea. Mwaka huohuo wa 1970 Chevrolet walitoa Chevelle SS yenye injini ya 454, ile iliyoitwa LS6, nguvu za farasi 450; mle M22 ilikuwa kwao. Na hata gari lile, kwa taarifa ya shemeji, mnunuzi aliruhusiwa kulichukua na otomatiki, na hakuna aliyemcheka.

"Basi tunabadilisha difu," akasema. Huyu ndugu pesa yake haina breki. Sawa, tuweke 4.11. Mara 2.20 tunapata 9.04, gari linaondoka vizuri. Tukifika barabara kuu, gia ya nne ya Muncie zote ni moja kwa moja, moja kwa moja. Na tairi la kimo cha inchi 26, kwa mwendo wa maili 70 kwa saa, yaani kama kilomita 113, injini itakuwa inazunguka mara 3,700 kwa dakika. Ikiwa na difu aliyonayo sasa ni 2,800. Kwa hiyo ananunua giaboksi ya kelele, halafu ananunua difu ya kuiongezea injini kelele, halafu anakwenda Muncie kuonyesha watu, na akifika hasikii wanachomsifia.

M20 ingekuwa ya busara zaidi: gia ya kwanza 2.52, ikizidishwa ni 7.76, si haba kwa mwenye subira. Nilipoitaja, shemeji alikunja uso kana kwamba nimemtajia mke wa kuazima. M20 haipondi mawe.

Habari zilipofika kwenye kundi la familia la WhatsApp ndipo nikatamani simu yangu ianguke chooni. Mjomba aliyeko Dar akasema tusihangaike, tufunge ya Fuso. Mtu alipomuuliza itaingiaje, akatuma picha ya Fuso. Binamu aliyeko Houston ni mtu wa Ford, naye akaandika aya nzima kuhusu Toploader, ile ya gia nne waliyoitengeneza kuanzia mwaka 1964 hadi 1973, ganda la chuma cha kuyeyushwa, kifuniko chake kimekaa juu badala ya ubavuni. Sina neno na Toploader. Ni mnyama kweli, na ile yenye gia ya kwanza ya 2.78 ingemfaa shemeji kuliko M22 kwa mbali. Lakini kuivisha Toploader injini ya Chevrolet ni kuanzisha ndoa ya mikeka miwili: ganda la klachi la kutafuta, shafti ya kupatanisha, na kila siku ya maonyesho mtu atapiga magoti chini ya gari, atainuka, na atakuwa na la kusema. Mwingine akaleta A-833 ya Chrysler. Huyo sikumjibu. Magari ya Chrysler nayaheshimu kwa mbali, na umbali huo umenisaidia.

Kilichonikera zaidi ni kwamba kila mmoja alikuwa anapima nguvu ya giaboksi kwa nguvu ya injini. Injini peke yake mara chache huua giaboksi. Giaboksi inauawa na uzito wa gari, na tairi linalokataa kuteleza, na mguu wa kushoto unaoachia klachi ghafla kama umekanyaga nyoka. Katika gia ya kwanza, gia ya shafti ya juu na ya shafti ya chini zinasukumana, kila moja inataka mwenzake ahame. Shafti zinapinda kidogo, ganda linafunguka kidogo, meno yanashikana kwenye ncha badala ya kwenye kifua, na jino linakatika. Hiyo hutokea kwa watu wa mbio wenye matairi laini yanayong'ang'ania lami. Shemeji matairi yake aliyanunua siku ya punguzo. Akikosea klachi, kitakachoshindwa kwanza ni tairi, litapiga mluzi na kutoa moshi, na giaboksi, iwe M20 au M22, itakuwa imekaa zake salama.

Akanijia na hoja ya usalama. Mtu akishindwa hesabu siku zote huhamia kwenye usalama. Alikuwa amesoma habari za Don Garlits, bingwa wa mbio za kasi za mstari mnyoofu, ambaye Machi 1970, mwaka uleule wa Chevelle, giaboksi ilimlipukia katika uwanja wa Lions kule California na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Ni kweli, na ni habari ya kutisha. Garlits alirudi mwaka 1971 na gari ambalo injini ameihamishia nyuma ya dereva, na baada ya muda wenzake wote wa daraja lile wakamfuata.

"Umeona?" shemeji akasema. "Giaboksi dhaifu."

Nikamwambia Garlits alikuwa anachoma nitromethani, wewe unachoma petroli ya kituo kinachotoa soda ya bure. Na kama kweli mguu wako unakuuma, pesa usiipeleke kwenye meno ya gia. Ipeleke kwenye ganda la chuma linalofunika flaiwili na klachi, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vinavyozunguka kwa kasi ya injini mbele ya vidole vyako, na vikipasuka vinatafuta njia. Wanaoshindana wanalazimika kuwa nalo kuanzia kasi fulani. Hilo nalo ni kazi nzito, ila halina mlio, kwa hiyo hakulitilia maanani.

Tukaingia kwenye giaboksi za kisasa, na hapo nikaanza kumpenda kidogo. BorgWarner walipojitoa katika biashara ya giaboksi za gia za mkono mwaka 1996, T-5 na T-56 zao zilichukuliwa na Tremec, kampuni ya Mexico iliyoanzia Querétaro mwaka 1964. Kwa hiyo leo ukitaka gia za gari la zamani la Kimarekani, unazungumza na Mexico. T-5 ni nyepesi na tamu mkononi, imekaa kwenye Mustang kibao, lakini zile za kawaida zimeandikiwa torki ya kama futi-ratili 300, na injini ya shemeji kiwanda kiliiandikia 345. Namba za 1970 zilipikwa, injini ilipimwa ikiwa uchi bila feni wala bomba za moshi za gari, kwa hiyo mtu mwenye mguu wa adabu angeishi na T-5 miaka mingi. Nimesema mtu mwenye mguu wa adabu.

T-56 Magnum, ya gia sita, futi-ratili 700. Alipoiona namba hiyo macho yalimtoka. Nikamuonyesha picha ya sakafu ya Chevelle iliyokatwa ili giaboksi hiyo ipite, bati limefumuliwa katikati toka kwenye dashibodi hadi viti vya nyuma. Hakushtuka. Alisema ana grainda. Mkewe, aliyekuwa jikoni muda wote huo bila kusema lolote, akatokea mlangoni na kusema hapana, akarudi jikoni. T-56 ikaishia hapo.

Ndipo tukafika kwenye TKX, pia ya Tremec, iliyotoka miaka hii ya karibuni kushika nafasi ya TKO. Gia tano, futi-ratili 600, na ganda lake wamelipunguza mabega makusudi ili liingie kwenye sakafu za magari ya zamani bila upasuaji mkubwa. Inakuja na gia ya kwanza ya 2.87 au ya 3.27. Chukua 3.27, zidisha kwa difu yake ileile ya 3.08. Nilimpa kalamu afanye mwenyewe. Akapata 10.07, akarudia, akapata 10.07. Gia ya tano ya giaboksi hiyo ni 0.72, hivyo kwa maili 70 kwa saa injini itazunguka kama mara 2,000 tu kwa dakika. Difu inabaki. Sakafu karibu yote inabaki. Ndoa inabaki.

Akakubali papo hapo. Furaha yangu ikadumu hadi nilipomsikia akimweleza rafiki yake kwenye simu: "Tumechagua TKX. Mia sita, bwana! Mia sita!" Katika maongezi yote yale, 3.27 hakuitaja hata mara moja. Mimi lori la tani 30 halikuwahi kuniuliza ganda linabeba torki ngapi. Kwenye mlima liliuliza gia ya kwanza ni ngapi, na jibu likiwa baya tulilala porini. Lakini kama mtu amefika kwenye jibu sahihi kupitia mlango wa jikoni, namwacha akae sebuleni.

Bei yote sitaiandika. Giaboksi yenyewe ni zaidi ya dola 3,000, na hiyo ni ada ya kuingilia tu. Gari lilizaliwa otomatiki, kwa hiyo halina pedeli ya klachi, halina flaiwili, halina ganda la klachi, halina hata tundu la kupitisha mkono wa gia. Fremu inayoshika mkia wa giaboksi inasogezwa. Propela inapimwa upya, inakatwa na kusawazishwa. Waya wa spidomita, swichi ya taa ya rivasi, beringi ndogo ya mwisho wa kranki ambayo ni ya bei ya chapati na ukiisahau unashusha kila kitu upya. Kisha ganda la klachi lazima likae katikati kabisa ya kranki, lisipotoke zaidi ya inchi 0.005, ambayo ni milimita 0.13. Ukizidisha hapo, giaboksi ya futi-ratili 600 itaanza kugoma kuingia gia, itakula beringi, na utaitukana Mexico bure. Unapima kwa geji ya saa yenye sumaku. Nilipomwambia tunahitaji saa, akanionyesha simu.

Lililomuumiza ni oili. Mimi nimezoea oili nzito ya gia, ile inayonuka hadi kwenye shati la kesho yake. TKX inataka ATF, oili nyekundu ya otomatiki. Shemeji alisoma kijitabu, akanipa nisome, akakichukua akasoma tena. Anatoa otomatiki kwa gharama ya mtaji wa duka, na oili yake imemfuata ndani. Akaniuliza kama tunaweza kuweka nyingine tusiseme. Nikamwambia sinkronaiza zitasema.

Na mlio? Hakuna mlio. TKX inanyamaza. Kwa siku nzima alitembea kama mtu aliyepunjwa nyama ya pilau.

Sasa sanduku limefika na limekaa kwenye gereji yangu, kwa sababu ya kwake ina gari. Fundi tumempata, mzee mmoja mtaratibu anayefanya kazi huku akisikiliza besiboli, naye ametupangia tarehe. Kila kitu kilikuwa kinaelekea kwenye amani, mpaka Ijumaa iliyopita tukiwa mezani, mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alipouliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na huyu mwanangu, gia za mkono alijifunza lini?"

Tukatazamana. Kijana aliondoka Tanga hajafika umri wa leseni. Leseni yake ni ya Indiana, mtihani aliufanya kwa otomatiki, na magari yote aliyomiliki yamekuwa ya pedeli mbili. Miezi yote ya M22, na Toploader, na mia sita, mtu huyu hajawahi kukanyaga klachi. Mke wangu akainamia sahani. Shemeji akasema mambo hayo yapo kwenye YouTube.

Mama mkwe ameendesha Land Rover ya hospitali ya wilaya, barabara za Lushoto, masika. Akasema atamfundisha yeye. Nikajaribu kwa adabu kumkumbusha kwamba huku dereva anakaa kushoto na gia zinabadilishwa kwa mkono wa kulia. Akanitazama kwa huruma. Akaeleza kwamba hilo ndilo zuri lenyewe: yeye atakaa kiti cha abiria, upande wa kulia alikokaa maisha yake yote, na mkono wake wa kushoto utakuwa juu ya gia palepale ulipozoea. Kijana atakanyaga, yeye atabadilisha. Hata simu ya kumfokea haitahitajika, atakuwa naye pembeni.

Sikuwa na pa kushika. Shemeji akauliza kwa furaha watajifunzia gari lipi, maana Chevelle bado halina giaboksi mpya.

Familia nzima ina gari moja tu la gia za mkono. Ni Corolla yangu, nimelifunga klachi mpya mwezi uliopita, na mama ameshasema Jumamosi, baada ya chai.